Chumvi Kwenye Kifuu

Ruangwa, nyumbani kwako
14 Machi 1949

Kwa Bwana Kaimu bin Abdalah,
Kambi ya Matingatinga, Nachingwea.

Bwana Kaimu,

Nakuandikia nikiwa nimekaa kitandani kwako, kwa sababu kiti hakuna. Lori letu limezuiwa na mto uliojaa, nami nimelala katika nyumba yako ya wageni siku tatu, siku tatu nzima, kwa kuwa wewe mwenyewe pale ghalani ulinishika mkono ukaniambia: "Karani, ukipita Ruangwa usihangaike, lala kwangu. Nyumba nimeijenga kwa mikono yangu miwili, utasahau kwenu Bukoba." Bwana we! Sijasahau kwetu hata nukta moja.

Nianze na kitanda. Kamba zake zimelegea, ukilala unazama katikati kama mtoto kwenye mbeleko. Godoro la sufi limejaa mbegu. Ukuta wa mianzi umekandikwa upande mmoja tu, kwa hiyo mtu wa chumba cha pili akikohoa naona nimekohoa mimi. Mlango ni mbao za masanduku ya petroli, na maandishi ya sanduku bado yapo, miguu juu kichwa chini. Bafu ni uzio wa nyasi unaonifika kifuani. Jana nilioga huku nikisalimiana na wapita njia. Paa linavuja juu ya mto wa kulalia hasa, si kwingine. Nilipomwambia mkeo, hakuita fundi. Alijifunga kanga kiunoni, akapanda juu mwenyewe, akakaa kwenye mwamba wa paa kama kijana, akaziba, akashuka, hata hakutweta. Mwembamba vile, lakini ana nguvu, hilo nalisema kwa haki.

Hayo yote ningeyameza. Nisichoweza kumeza ni chakula. Siku tatu, Bwana Kaimu, nimekula vitu visivyo na chumvi! Kuku, kunde, kisamvu, vyote chapwa. Na si kwamba chumvi hakuna. Chumvi ipo, maana aliniletea kando, kwenye kifuu cha nazi, akakiweka chini mbele yangu na kusema bila kunitazama, "Tia mwenyewe." Tia mwenyewe! Mimi ni mbuzi, nirambishwe chumvi? Nikamuuliza mbele ya wageni wenzangu, wachuuzi wawili wa ufuta kutoka Mandawa: "Bibi, huku kwenu mpishi hajui chumvi inaingia chunguni lini?" Akajibu kwamba mama yake ndiye hutia, na mama amekwenda msibani Nanganga. Wale wachuuzi wakaacha kutafuna. Mmoja akatoka nje kabisa. Hata wao walimwonea aibu. Sasa nakuuliza wewe mwenye nyumba: kutia chumvi ni kazi ya kungoja mtu arudi kutoka Nanganga?

Haya nimeyaandika pia katika daftari la wageni, na anwani yangu ya Lindi iko humo, ukitaka kuniomba radhi.

Felisian Selestini,
Karani wa Ghala.


Nachingwea
19 Machi 1949

Mwantumu,

Salamu zitakuja siku nyingine. Naandika kwa herufi za Kiarabu tulizosoma chuo cha Kurani, ili barua hii tuisome mimi na wewe tu. Ile nyingine imekwisha kusomwa na kambi nzima.

Karani Felisian aliyelala hapo ameniandikia kwa herufi za kizungu, nami siziwezi. Nikampa Ignasi anisomee. Unamjua Ignasi, mtoto wa misheni, akisoma utadhani anahubiri. Akasoma habari za kitanda, watu wakacheka. Akasoma bafu, nikacheka hata mimi. Akafika kwenye chumvi. Pale walikuwapo Wamwera, Wamakonde, Wayao, na wote wakanyamaza. Ignasi mwenyewe aliishia katikati, akakunja karatasi, akanirudishia. Mtoto gani wa huku kwetu asiyejua kwamba mwanamke aliye katika siku zake hatii chumvi chunguni? Sote tuliitwa na mama zetu tukiwa wadogo, "Njoo unitilie chumvi," tukatia, tukarudi kucheza, na tulipokua tukajua kwa nini.

Basi nakuuliza. Mwezi wa Novemba uliniletea habari kwamba una mimba. Kwa hesabu hiyo sasa ni miezi sita. Miaka mitano tumeoana bila mtoto, na Mjomba Amri alikwisha kusema nikuache, mke mwingine ameshaonwa. Mimi ndiye niliyesimama mbele ya ukoo nikasema: mke wangu ana mimba, mwacheni. Wakakuacha. Je, mwenye mimba ya miezi sita hupanda juu ya paa? Mwenye mimba ya miezi sita huogopa kutia chumvi?

Mimba iko wapi, Mwantumu?

Mumeo,
Kaimu.


Ruangwa
24 Machi 1949

Kaimu,

Kama huna salamu, na mimi sina.

Tangu Septemba hujatia mguu hapa. Nimekaa nikingoja barua, na barua yenyewe imekuja kuniulizia chungu! Hukuuliza kama ukuta wa nyuma ulistahimili mvua za Februari. Haukustahimili, ulilala chini, nimeusimamisha na kuukandika upya. Hukuuliza mama yangu amerudi lini kutoka msibani, wala ni nani aliyekufa. Unamwamini mtu wa Bukoba anayeoga huku anasalimia watu barabarani.

Chumvi ilikuwa haba, dukani hakuna. Kidogo kilichobaki nilikiweka kwenye kifuu ili kila mgeni achukue kwa kiasi. Basi, hakuna habari nyingine hapo. Paani nilipanda kwa sababu karani alikuwa akilia kama kinda la ndege. Ulitaka nimwache alowe, kisha akuandikie na hilo?

Na hayo majivuno yako ya ghalani, aliyonisimulia karani, ati nyumba umeijenga kwa mikono yako miwili! Uliacha nguzo zimechimbiwa na boriti mbili zimelala chini. Fito nilizikata mimi. Kamba za vitanda nimesokota mimi, mpaka viganja vikatoka malengelenge. Nyasi nimezibeba mimi. Ulichotuma ni masanduku ya petroli na maneno.

Mimba usiniulize kwa barua. Njoo uniulize ukiwa umekaa chini mbele yangu, nikutazame usoni. Jambo la mwanamke halisomwi kambini.

Mkeo,
Mwantumu.


Nachingwea
2 Aprili 1949

Mwantumu,

Hata uongo hujui kuusuka. Chumvi haba! Gunia zima la chumvi nilikutumia mimi, kwa lori la Januari. Dereva Augustino ameniapia kwamba alilishusha mlangoni mwako na mama yako akalipokea. Gunia zima mmelila kwa miezi miwili?

Nimekaa na jambo hili siku nyingi, na kila nikiwaza naona njia mbili tu. Ama mimba haikuwapo, ulinichezea kama mtoto nikasimama mbele ya ukoo wangu na kusema uongo wako kwa mdomo wangu. Ama ilikuwapo, ukaitoa. Na mwanamke hatoi mimba ya mumewe. Hutoa ile asiyeweza kumwonyesha mumewe. Mimi niko huku na wewe uko huko katika nyumba ya vyumba vitatu, wanaume wanaingia na kutoka, kila mmoja na mlango wake. Lisemwalo lipo, kama halipo linakuja. Mjinga ni mimi niliyeipeleka hiyo milango.

Watu wa kambi hawaniambii kitu, lakini nikiingia wanaacha kuzungumza. Hilo umenipa wewe.

Leo Jumamosi nimetamka mbele ya watu wawili: Mwantumu binti Mfaume, nimekuacha kwa talaka moja. Mjomba Amri atakuja kuchukua milango yangu, madirisha yangu na misumari yangu. Udongo baki nao.

Kaimu bin Abdalah.


Ruangwa
10 Aprili 1949

Bwana Karani,

Herufi hizi za kizungu alinifundisha Mwalimu Lusia wa misheni, ili niweze kuandika majina ya wageni. Barua yangu ya kwanza kwa herufi hizi ni ya kukutukana wewe, na Mungu anisamehe makosa ya maandishi, hayo mengine siombi msamaha.

Ulikula kwangu siku tatu. Maji ya kuoga nilikupashia moto. Shati lako nililianika, mvua ilipokuja nikalikimbilia. Fadhila ya punda mateke.

Ulisema kwa sauti, mbele ya wanaume wawili, mpishi hajui chumvi inaingia lini. Ngoja nikufundishe, kwa kuwa kwenu inaonekana hamkufundishwa. Huku kwetu mwanamke aliye katika siku zake hatii chumvi chunguni. Tunaamini akitia, mlaji anapata kikohozi kibaya kisichopona. Humwita mama yake, au mtoto, amtilie. Mama yangu hakuwapo. Nilikuletea kifuu ili ule chakula salama. Nilikuwa nakilinda kifua chako, wewe! Na uliponiuliza vile, ni sawasawa na kunivua kanga mbele ya watu. Wale wachuuzi hawakunionea aibu mimi. Walikuonea wewe, mtu mzima, umevaa soksi, unasema maneno yale.

Kisha hukutosheka. Ukaandika.

Mimba ilikuwapo, Bwana Karani. Mume wangu aliagiza kwamba chumba cha tatu kiezekwe upesi, wageni wa kambi watakuja mwaka mpya. Ndicho hicho chumba ulicholala ukahesabu mbegu za godoro. Nyasi nilizibeba kichwani kutoka bondeni, mafungu kumi na tano kwa siku moja, nikapanda nikaezeka. Jioni yake mimba ikatoka. Miezi minne. Mama aliifunga katika kipande cha kanga yangu mpya, akaenda kuzika yeye na wanawake wawili, na mpaka leo hawajafungua kinywa. Mimi nilikuwa nangoja mume wangu aje nimwambie kwa mdomo, nimemshika mkono, tulie pamoja. Kila wiki nilisema atakuja. Umemwambia wewe, kwa karatasi, mbele ya kambi. Ameniacha. Jana mjomba wake amekuja na watu watatu, wakang'oa milango, na mmoja akang'oa hata msumari niliotundikia taa.

Sitaki radhi zako. Nataka ujue tu ulichokifanya, ukae nacho huko Lindi.

Mwantumu binti Mfaume.


Lindi
21 Aprili 1949

Bibi Mwantumu,

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimeanza kukujibu kwa hasira.

Sikubali kuitwa punda. Ningejuaje? Mgeni hazaliwi na desturi za watu kichwani. Kwenu kila jambo limefunikwa kawa, halafu mtu akigusa kawa mnapiga kelele. Ungeniambia tu, pale pale, hata kwa fumbo! Nimeandika hivyo, kisha nimefikiri ungeniambiaje, mimi mwanaume nisiyekujua, na wale wawili wanatafuna. Naona usingeweza. Basi lakini mimi sikuua mtu. Nililalamikia chakula. Aliyekuacha ni mumeo, kwa kinywa chake, na aliyeng'oa msumari wa taa si mimi.

Nimefanya jambo utakalolichukia. Barua yako hiyo hiyo nimeitia katika bahasha na kuituma Nachingwea kwa Bwana Kaimu. Nimeandika juu yake kwamba asomewe na mtu mmoja tu, faraghani. Najua hukuniruhusu. Lakini lalamiko langu lilipelekwa kwa posta, nami sikuwa na njia nyingine ya kupeleka ukweli wako.

Nina hasira mpaka leo, na sijui ni za nani.

Felisian Selestini.


Nachingwea
27 Mei 1949

Mke wangu Mwantumu,

Barua yako uliyomwandikia karani imenizunguka mwezi mzima. Tulikuwa mbali porini tunang'oa visiki, tumerudi kambini jana. Ignasi amenisomea peke yetu, nyuma ya ghala, kwa sauti ndogo. Alipofika kwenye kile kipande cha kanga nilimwambia basi, nikaenda kukaa chini ya tingatinga mpaka likapoa.

Nyasi mafungu kumi na tano! Kwa nini hukuajiri watu? Kwa nini hukuniambia? Unamwambia mtu wa Bukoba kabla ya mumeo! Hapo umekosa, Mwantumu, na mimi nasema ukweli. Kama ungeniandikia Januari, yote haya yasingetokea, nisingetahayari mbele ya watu. Lakini yamepita. Nimekusamehe.

Leo Ijumaa, mbele ya mashahidi wawili, nimetamka kwamba nimekurejea. Nimehesabu vizuri. Talaka niliitoa tarehe mbili Aprili, leo ni siku hamsini na tano. Siku zako nazijua, hujapata kuzidisha wala kupunguza tangu nikuoe. Tahara tatu, za kutoka hedhi hadi hedhi, hazijatimia, kwa hiyo eda haijaisha, na wewe ni mke wangu. Mjomba Amri nimemwandikia pia. Hana la kusema, ila milango arudishe.

Nitafika kabla ya mwezi wa Ramadhani. Tayarisha chumba, kile cha mbele.

Mumeo,
Kaimu.


Ruangwa
1 Juni 1949

Bwana Kaimu bin Abdalah,

Waalaikum salaam, ingawa hukuisema.

Nimelia kwa barua yako, siwezi kukuficha. Pale uliposema ulikwenda kukaa chini ya tingatinga, niliiweka barua chini nikalia mpaka mama akaja mbio. Hayo ndiyo machozi niliyokuwa nimeyatunza tuyatoe pamoja. Ungekuja Januari, ungekuja Februari, ungekuja hata siku ile ile uliyosomewa habari za chumvi, badala ya kuchukua kalamu.

Kisha nikaendelea kusoma. Umenisamehe. Umenisamehe nini, Kaimu? Uliandika kwamba nimebeba mimba ya mgeni nikaitoa. Uliniandikia hivyo mimi, ambaye mwanao amezikwa kwa kanga yangu. Nimeitafuta barua yako juu mpaka chini, neno hilo hujalirudisha. Umerudisha milango. Usiilete. Nimesuka ya mianzi, inafunga vizuri, na wageni hawajakoma kuja. Kiwanja hiki ni cha mama yangu na cha mama yake, wewe ulikuja kuoa hapa kama waume wote wa huku wanavyokuja, na mjomba wako anayajua hayo, ndiyo maana alibeba misumari akaacha nyumba.

Sasa sikiliza habari ya eda, kwa kuwa umenihesabia. Jana mjomba wako alimleta mwalimu wa chuo hapa barazani, na watu wake wawili, na mama yangu akiwa amekaa. Akasema mpwa wangu amemrejea mke, mwambie arudi. Mwalimu akaniuliza: "Binti Mfaume, umepata tahara ngapi tangu talaka?" Nikamjibu: tatu, zilitimia Ijumaa ya tarehe ishirini Mei. Mjomba wako akaruka. Haiwezekani, siku hazitoshi! Akaanza kuhesabu kwa vidole, Aprili, Mei, mbele ya wanaume wenzake. Mwalimu akamwambia ashushe mkono. Akasema, "Bwana Amri, jambo hili halina shahidi ila mwanamke mwenyewe. Akisema zimetimia, na inawezekana zikatimia, sheria inamwamini yeye." Akafunga kitabu. Wewe ulirejea tarehe ishirini na saba, na tarehe ishirini na saba mimi sikuwa mke wa mtu.

Utasema nimedanganya. Wewe mwenyewe umeandika kwamba siku zangu unazijua. Zinajulikana na kambi yako, na Ignasi, na karani wa Lindi, na wachuuzi wa ufuta wa Mandawa. Mwaka huu kila mwanaume aliyepita barabara hii amekuwa na hesabu zangu mdomoni, na hakuna aliyeniuliza.

Jana nimeulizwa mimi.

Mwantumu binti Mfaume.